SHOKAPU YA BUTI: AKIBA HAIOZI, LAKINI ALIYELALA USIMWAMSHE

Ndugu askari na polisi, katika kambi zetu zote, nyuma ya nyumba za familia, hakikosekani kibanda kidogo cha fundi. Huko ndiko koplo anakotengeneza kitanda cha mwanawe siku ya mapumziko, na sajini aliyekaribia kustaafu hujizoeza kazi itakayomlisha atakapovua magwanda. Hatuna neno na vibanda hivyo; bali tunavisifu. Mafundi wa Katwe mjini Kampala, wa Kamukunji mjini Nairobi na wa Gerezani mjini Dar es Salaam wametuonyesha kwamba chuma kilichotupwa na mmoja huwa riziki ya mwingine. Wahenga walisema akiba haiozi.

Lakini iko akiba moja inayohitaji adabu ya pekee, nayo ni ile shokapu nyembamba inayoinua boneti au mlango wa nyuma wa gari. Mafundi wa mitaani huiita shokapu ya buti. Tangu magari madogo ya mitumba kutoka Japani yalipojaa katika barabara zetu, shokapu hizi zimekuwa nyingi katika kila chungu cha vyuma chakavu. Zinapendeza kwa macho, hazina bei, na zinafaa kwa kazi nyingi za nyumbani. Hata hivyo zinaweza kumtoa mtu jicho, mkono au uhai. Tunaandika haya kwa sababu tuliwahi kuyashuhudia, na kwa sababu sehemu ya kosa ilikuwa yetu.

Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa na cheo cha luteni katika kikosi kimoja cha usafirishaji, alitujia koplo fundi jioni ya Jumamosi. Mkononi alikuwa na shokapu mbili alizozitoa katika gari lake mwenyewe, gari la mtumba lililokwisha kufa injini. Shokapu hizo zilikuwa zimechoka, kwani mlango wa nyuma ulikuwa ukimwangukia kichwani kila alipoufungua. Alitaka kuzikata apate bomba la kutengenezea miguu ya kiti cha mtoto. Akauliza kwa heshima, "Afande, hii ndani ina nini?" Nasi, kwa kujiamini kwa mtu asiyejua, tukamjibu, "Ni bomba lenye oili kidogo. Kata tu."

Koplo akaibana shokapu katika jiliwa, akashika msumeno wa chuma. Msumeno ulipokaribia kutoboa, ulisikika mlio mwembamba kama wa nyoka. Yeye, kama ambavyo fundi yeyote angefanya, akapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia ili kutafuta mahali mlio ulipotoka. Akashtuka, akauondoa mkono. Katika ncha ya kidole palikuwa na alama ndogo kama ya pini, isiyotoa hata tone la damu. Akacheka, nasi tukacheka pamoja naye.

Usiku ule kidole kilianza kuvimba. Asubuhi ya Jumapili alikwenda zahanati akasema amechomwa na waya, akapewa dawa ya maumivu. Jumatatu kidole kilikuwa cheusi na mkono umejaa hadi kiwiko. Daktari wa upasuaji aliuokoa mkono, lakini kidole hakikuokoka. Askari asiye na kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kila mmoja wetu anaelewa amepoteza nini. Tulipomtembelea wodini hakutulaumu. Alisema tu, "Afande, ulisema ni bomba." Maneno hayo hatujayasahau hata leo.

Basi tueleze sasa yale ambayo tulipaswa kuyajua jioni ile.

SHOKAPU HII NI KITU GANI?

Shokapu ya buti ni silinda ya chuma iliyofungwa kabisa, yenye ufito mmoja unaoingia na kutoka. Ndani mna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa, pamoja na oili kidogo. Mwisho wa ufito, ndani ya silinda, ipo pistoni yenye tundu jembamba linaloruhusu gesi kupita polepole kutoka upande mmoja kwenda upande mwingine. Ndiyo maana mlango hupanda kwa utulivu wala haurushwi. Mahali ufito unapotokea pana sili ya mpira inayozuia gesi isitoroke. Oili huilainisha sili hiyo, na hutuliza mwendo unapofika mwisho.

Kwa kuwa gesi huzunguka pande zote mbili za pistoni, nguvu inayousukuma ufito nje hutegemea mgandamizo wa gesi na unene wa ufito tu. Chukua shokapu ya kawaida yenye ufito wa milimita 8 na nguvu ya Nyutoni 400, yaani kama uzito wa kilo 40. Ukigawanya nguvu hiyo kwa eneo la ufito, utaona kwamba gesi iliyomo imeshindiliwa kwa karibu mara 80 ya hewa tunayoivuta. Huo ni mgandamizo unaozidi ule wa gurudumu la gari dogo kwa zaidi ya mara 30. Tena, shokapu iliyochoka haina maana kwamba ni tupu. Iliyopoteza nusu ya nguvu yake haiwezi kuinua mlango, ilhali ndani bado imeshindiliwa mara 40. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya shokapu ya koplo wetu.

Elimu hii si ngeni kwa askari. Robert Boyle, mwanasayansi aliyezaliwa Ayalandi, alieleza mwaka 1662 kwamba gesi ikibanwa nafasi, mgandamizo wake huongezeka kwa kadiri ile ile. Katika chuo cha kadeti tulifundishwa juu ya mzinga wa Kifaransa wa milimita 75 wa mwaka 1897. Mizinga iliyoutangulia iliruka nyuma kila ilipofyatuliwa, na wapigaji walilazimika kuisukuma mahali pake na kulenga upya. Huo wa mwaka 1897 uliwekewa oili na hewa iliyoshindiliwa; mtutu ukarudi nyuma peke yake na kusukumwa mbele tena, magurudumu yakiwa yametulia, hata ukaweza kupiga makombora 15 kwa dakika moja. Gesi iliyobanwa ikawa springi. Baadaye fikra hiyo hiyo iliingia katika magari ya raia. Kampuni ya Stabilus ya Koblenz, Ujerumani, ilianza kutengeneza shokapu za gesi kwa wingi mwaka 1962.

Kwa nini naitrojeni? Kwa sababu ni gesi tulivu, isiyochochea moto, nayo ni zaidi ya robo tatu ya hewa yote. Hapa tutoe onyo kwa wachomeleaji: asitokee mtu wa kujaribu kuijaza shokapu iliyochoka, na hasa asithubutu kutumia oksijeni ya mtungi wa kuchomelea. Oksijeni iliyoshindiliwa ikikutana na oili hulipuka.

KABLA YA KUSHIKA BISIBISI

Jambo la kwanza ni uhalali. Gari la jeshi au la polisi, hata likiwa limekaa juu ya matofali miaka mingi, ni mali ya umma mpaka lifutwe katika vitabu kwa utaratibu. Anayetoa shokapu kwenye gari hilo bila kibali cha maandishi hakuokoa chuma, ameiba. Shokapu ya kujifunzia ipatikane katika gari lako mwenyewe, au kwa muuza vyuma, tena kwa risiti.

Jambo la pili ni macho. Vaa miwani ya kukinga macho na glavu nene, na watoto wawe mbali.

Jambo la tatu ni kuufungua mlango au boneti hadi mwisho na kuuegemeza kwa gogo imara, au ashike mwenzako mwenye nguvu. Usitegemee shokapu ya pili, kwa kuwa mara nyingi haiwezi kubeba mzigo peke yake. Mlango ukiwa wazi kabisa, ufito nao umetoka wote, na hapo ndipo msukumo ulipo mdogo kuliko pote. Kamwe usiitoe shokapu mlango ukiwa umefungwa, kwani ufito uliobanwa utachomoka kama mkuki.

Sasa tazama ncha zake. Nyingi zina kikombe kilichovikwa juu ya kirungu cha chuma na kushikwa na klipu ya waya au ya bati. Ingiza bisibisi ndogo bapa chini ya klipu, uiinue milimita chache tu bila kuing'oa, kisha uvute kikombe kitoke. Fanya hivyo ncha zote mbili. Halafu fungua virungu kwa spana uvichukue pia, maana bila hivyo utahangaika wakati wa kufunga. Usiubane ufito kwa koleo wala kwa jiliwa. Mkwaruzo mdogo usioonekana vizuri kwa macho hutosha kuichana sili.

KAGUA KAMA UNAVYOKAGUA SILAHA

Futa shokapu kwa kitambaa kikavu, kisha uikague kwenye mwanga. Ufito uwe unyoofu na unaong'aa, usio na kutu wala mikwaruzo. Silinda isiwe na bonde wala alama ya kuchomwa. Pale ufito unapotokea pasiwe na oili inayovuja. Ikiwa moja ya kasoro hizo ipo, shokapu hiyo haifai kutumika tena.

Ubavuni utakuta maandishi, na miongoni mwake ni namba inayofuatwa na herufi N. Hiyo ndiyo nguvu yake ilipokuwa mpya, kwa Nyutoni. Gawanya kwa 10 upate kilo. Kwa kuwa shokapu yako ni ya zamani, ipime upya. Weka sakafuni mizani ya kupimia watu, juu yake kipande cha ubao kilichochimbwa kishimo kidogo, na ncha ya ufito ikae ndani ya kishimo. Shika silinda wima, uso wako ukiwa pembeni wala si juu yake, kisha ukandamize polepole ukinyooka. Kilo zitakazoonekana pale ufito unapoanza kuingia, zidisha kwa 10, nawe umepata Nyutoni. Ukihisi shokapu inayumba, acha. Anza upya au tafuta mwenzako.

Kumbuka pia kwamba nguvu hubadilika na joto. Namba iliyoandikwa ni ya nyuzijoto 20, na kila nyuzi 3 huongeza au hupunguza takriban sehemu 1 katika 100. Mfuniko unaosimama vizuri mchana wa joto kule Moroto unaweza kulegea alfajiri ya baridi kule Kabale.

HESABU YA MFUNIKO

Tuseme unataka kufunga shokapu kwenye sanduku la zana lenye mfuniko wa mvule wa kilo 12, na upana wa sentimita 60 kutoka bawaba hadi ukingo. Kilo 12 ni nguvu ya Nyutoni 120 hivi. Uzito huo umekaa katikati, sentimita 30 kutoka bawaba. Zidisha 120 kwa 30 upate 3600. Sasa pima umbali kutoka bawaba hadi kwenye mstari wa shokapu, kwa pembe mraba. Ikiwa ni sentimita 15, gawanya 3600 kwa 15 upate 240. Ongeza sehemu moja ya tano ili mfuniko usimame bila wasiwasi, utapata kama 290. Basi shokapu mbili za Nyutoni 150 zinatosha.

Wengi hawafanyi hesabu hiyo. Huchukua jozi ya gari yenye Nyutoni 400 kila moja na kuifunga hivyo hivyo. Jumla ni 800, karibu mara tatu ya kinachotakiwa. Mfuniko utaruka na kumpiga fundi kidevuni, au skrubu zitang'oka, na kuufunga kutahitaji kuukandamiza ukingoni kwa nguvu ya kilo 14. Ukiwa na shokapu ya 400 tu, funga moja peke yake na uisogeze karibu na bawaba. Sentimita 11 zinatosha kwa mfuniko ule ule.

Umbali huo hubadilika kadiri mfuniko unavyopanda, kwa hiyo jaribu kwanza kwa kipande cha ufito wa mti chenye urefu sawa na shokapu kabla ya kutoboa mbao. Tena zingatia mambo haya. Mfuniko ukifungwa, ufito ubakize angalau sentimita 1 ya nafasi, usigote ndani. Ukiwa umefunuliwa, uzuiwe na mnyororo au kizuizi imara, isiwe shokapu peke yake ndiyo inayouzuia. Ncha zote mbili zicheze bila kupinda, kwa sababu shokapu imeumbwa kusukuma kwa unyoofu tu. Sanduku likiwa limefungwa, ufito uelekee chini ili oili iendelee kuilowesha sili. Na kama vishikio vinahitaji kuchomelewa, vichomelewe kwanza, shokapu ikiwa mbali. Ifungwe mwisho, chuma kikiwa kimepoa.

MAMBO YASIYO NA MSAMAHA

Usiikate. Usiitoboe. Usiigonge kwa nyundo. Usiipitishie grainda. Usiichomelee wala usichomelee karibu nayo. Zaidi ya yote, usiitupe katika moto.

Hili la moto tunalisisitiza kwa kuwa kila kambi ina shimo la kuchomea taka, na watoto hucheza kandokando yake. Shokapu ikifika nyuzijoto 600 mgandamizo wake huwa umefika mara 3 ya ule wa kawaida, wakati huo huo chuma chake kinalegea. Hapo hupasuka, na ufito au silinda huruka kama risasi isiyolengwa. Askari wa zimamoto hufundishwa jambo hili. Hawasimami moja kwa moja mbele ya boneti au nyuma ya buti ya gari linaloungua, bali hulikaribia kwa pembe. Nanyi, ndugu zetu polisi wa barabarani, ambao mara nyingi hufika kabla ya gari la zimamoto, tunawaomba mlishike hilo. Wasogezeni wananchi mbali, na msiruhusu mtu kusimama sambamba na boneti au mlango wa nyuma, hata kama moto unaonekana umo injini tu.

Shokapu mbovu ifungwe kitambulisho chenye maneno INA GESI, iwekwe kivulini, kisha ipelekwe kwenye karakana yenye fundi aliyefunzwa kuitoa gesi kwa njia ya mtengenezaji. Ukiiuza kwa muuza vyuma, mwambie wazi. Kumficha ni kumtegea mtu mtego. Na tahadhari hiyo hiyo ihusu nguzo ya kiti cha ofisi kinachopanda na kushuka, pamoja na shokapu nyingi za magurudumu, kwani nazo hushindiliwa gesi.

IKITOKEA AJALI

Oili iliyorushwa kwa mgandamizo mkubwa hupenya ngozi na kukimbia ndani ya mkono, huku nje ikiacha alama ndogo tu. Kutokuwepo kwa maumivu katika saa za mwanzo si dalili ya usalama. Usikamue, usifunge kitambaa kwa kubana, usisubiri kesho. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo, useme bayana, "Nimeingiwa na oili iliyoshindiliwa." Koplo wetu angesema maneno hayo usiku wa Jumamosi, kidole chake huenda kingekuwapo leo. Na sisi tungesema jioni ile, "Hatujui, tuulize kwanza," asingeyahitaji kabisa. Afisa hapungukiwi cheo kwa kukiri kwamba hajui.

Koplo huyo alihamishiwa bohari, na kwa ruhusa yake tumeandika habari hii. Katika kibanda chake ameshatengeneza masanduku kadhaa ya zana yenye mifuniko inayopanda kwa kidole kimoja, akiwauzia majirani. Juu ya kila shokapu, kabla ya kuifunga, huandika kwa rangi nyekundu: INA GESI, USIKATE. Herufi zake zimepinda kidogo, kwa sababu bado anazoea kushika brashi kwa kidole cha kati.

Ndugu wasomaji, tuendelee kuokota, kutengeneza na kuweka akiba. Lakini kila tushikapo kitu kilichofungwa ambacho hatujui ndani mna nini, tuukumbuke usemi wa wazee: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha, utalala wewe.